Kiganja cha kushoto kinauma na gumba limekaza, napiga mipira 400 ya gofu kwa siku, naombeni ushauri

Kedi_Mufindi
Kamwene wakuu. Mi nipo Mufindi huku kwenye mashamba ya chai, nina miaka 24, nimebeba fimbo za watu tangu nasoma sekondari na sasa nacheza mwenyewe kama mchezaji wa ridhaa, handikapu 6 (yaani nikicheza vizuri nazidisha mapigo kama sita tu juu ya yanayotarajiwa), napiga kwa kulia. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kuna mashindano na mteja wangu mmoja kajitolea kunilipia nauli na kiingilio, nikasema hii nafasi siichezei, nikaanza mazoezi mazito tangu katikati ya mwezi wa sita. Ratiba yangu saa kumi na mbili asubuhi nipo uwanjani kabla wateja hawajafika napiga mipira kama 200, jioni nikimaliza kubeba narudi napiga mingine 200 mpaka giza linaingia siuoni tena mpira unaangukia wapi. Jumapili tu ndo napunguza kwa sababu ya kanisa.

Wiki ya tatu kiganja cha kushoto kikaanza kuuma, ile nyama ya chini upande wa kidole kidogo, nikajua ni sugu tu nikapuuza. Saivi nikikaza fimbo inachoma, alafu kidole kidogo na kile cha jirani yake vinaingia ganzi. Gumba la mkono huohuo asubuhi limekaza, nalikunjua kwa mkono mwingine. Kiwiko cha kulia upande wa ndani nacho kinauma kwa mbali ila hicho navumilia. Kilichoniogopesha ni juzi, mama kafua blanketi akaniita tulikamue, yeye ameshika huku mi nimeshika huku, nilivyosokota tu mkono ukaachia wenyewe blanketi likarudi kwenye beseni. Mama hakusema kitu, aliuangalia tu mkono wangu.

Nameza diklofenaki asubuhi na jioni, hii wiki ya pili, na usiku nakanda na maji ya moto ya chumvi. Kuna mzee wa viungo hapa kijijini anasema mshipa umeruka niende auvute. Sasa naomba kujua, niendelee kwa kupunguza au nisimame kabisa, na huyo mzee avute au asivute. Naogopa nikisimama swingi, yaani mzungusho wangu wa fimbo, itapotea na mashindano ndo hayo yanakuja.

Mkulima_Uyole
Pole sana mdogo wangu. Mazoezi yoyote mwanzoni yanauma, mi enzi nacheza mpira wa miguu ilikuwa hivyohivyo, mwili ukizoea yanaisha yenyewe. Endelea kukanda, na baridi ya mwezi huu nayo inachangia, huku Uyole asubuhi tunakuta umande umeganda kwenye majani viungo vyote vinakuwa kama vimefungwa.

Mzee_Mashimo_Tisa
Kijana wangu pole. Mkulima hapo juu kwenye baridi amesema kweli, kwenye kuendelea naomba nimpinge kwa heshima.

Tupige hesabu kidogo. Uwanja wa mashimo 18 wa par 72, yaani mapigo 72 yanayotarajiwa, ukitoa zile pati (mapigo mepesi ya kuusukuma mpira shimoni) mbili mbili za kila shimo ambazo ni 36, unabaki na mapigo 36 hivi, na humo ndani kuna chipu ndogondogo, yale mapigo mafupi ya karibu na shimo. Kwa hiyo anayecheza vizuri anazungusha fimbo kwa nguvu mara 36 au pungufu kwa raundi nzima, tena katikati anatembea, anasubiri, anapumua. Wewe mipira 400 ni sawa na raundi 11 kwa siku moja bila kutembea. Hakuna mkono uliozaliwa na mwanadamu unaobeba hiyo kwa wiki tatu ukiwa haujajengwa taratibu, na kabla ya hapo ulikuwa unapiga mingapi kwa siku? Nadhani haifiki 60.

Nakuuliza mambo matatu na unijibu kwa ukweli. Fimbo zako ulizipata wapi na gripu zake, ile mipira ya kushikia, zina umri gani. Unapiga ukiwa umesimama juu ya nini. La tatu, chukua glavu yako uiangalie imechakaa sehemu gani, usikisie, ichukue uiangalie.

Kedi_Mufindi
Shikamoo mzee, asante kwa kunijibu. Ni kweli nilikuwa napiga 50 au 60 tu, tena sio kila siku.

Fimbo ninazo saba, niliachiwa na mteja mmoja alivyohama, mwaka wa nne huu na alikuwa nazo miaka mingi kabla yangu, ayani (fimbo za kichwa cha chuma) zote zina mpini wa chuma. Gripu sijawahi kubadilisha, zimekuwa ngumu zinang'aa, asubuhi na huu ukungu zinateleza kama zimepakwa sabuni nalazimika kubana sana. Huku hatuna kapeti za mazoezi, napigia pembeni ya uwanja kwenye nyasi fupi, saivi kiangazi ardhi imekauka na kuna mizizi ya miti. Kuna siku nilipiga ayani 5 nikaanza na ardhi kabla ya mpira, chini kulikuwa na mzizi, mkono ulitetemeka mpaka begani. Nakumbuka maumivu makali yalianza kama siku mbili baada ya pale.

Glavu nimeiangalia mzee wangu. Imetoboka tundu kama sarafu ya shilingi 100, hapo chini kabisa ya kiganja upande wa kidole kidogo. Nikiivaa, tundu linakaa juu ya sehemu inayouma, yaani nikiingiza kidole kwenye lile tundu nikabonyeza ndo penyewe. Sehemu nyingine za glavu bado nzima.

Mzee_Mashimo_Tisa
Nilihisi hivyo. Hiyo ina maana fimbo umeilaza kwenye kiganja badala ya kwenye vidole, na kitako cha fimbo kinaishia katikati ya ile nyama, kila ukipiga kinakusugua na kukugonga palepale. Mshiko wa kushoto fimbo inatakiwa ipite kwenye mashina ya vidole, ile nyama ya chini ikae JUU ya gripu iikandamize, na kitako kichomoze nje kidogo kama upana wa kidole. Wewe nadhani unashika mwisho kabisa ili upate urefu zaidi, vijana wengi mnafanya hivyo na dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali.

Na kubana. Sisi tulifundishwa ushike fimbo kama umeshika kifaranga, asiponyoke na asife. Lakini gripu ikiwa inateleza huwezi kushika hivyo hata ukifundishwa na nani, mwili wenyewe utabana tu kwa hofu ya fimbo kuruka. Kwa hiyo sikulaumu, kifaa kimekulazimisha.

Habari ya kiafya nawaachia wataalamu ila fimbo zipumzike leo, isiwe kesho.

Fizio_Mbeya
Habarini. Mimi ni mfiziotherapia, nipo Mbeya mjini, wagonjwa wangu wengi ni wakulima, mafundi na bodaboda, wacheza gofu ni wachache, ila mkono ni mkono. Kaka Kedi umeeleza vizuri sana na swali la mzee la glavu limenifanya niandike haraka.

Una matatizo matatu yaliyokuja pamoja na hayalingani uzito, tafadhali usiyachanganye.

La kwanza na kubwa ni hicho kiganja. Pale chini upande wa kidole kidogo kuna kamfupa kadogo kanaitwa hameti, kana kachomozo kama ndoano kanakoelekea kwenye kiganja. Kwa anayepiga kulia, kitako cha fimbo kinakaa juu ya hiyo ndoano ya mkono wa kushoto. Ukipiga ardhi au mzizi, nguvu yote inarudi na kugonga hapo, na hata bila kugonga mzizi, kusuguliwa mara maelfu kunaweza kuipasua taratibu. Mshipa wa fahamu unaohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete unapita jirani kabisa na hiyo ndoano, ndo maana ganzi yako ipo kwenye vidole hivyo viwili na sio vingine. Siwezi kukuambia kwa maandishi kwamba imevunjika, lakini maumivu palepale, ganzi palepale, mkono kukosa nguvu ya kubana na ile siku ya mzizi, vyote vinanielekeza huko na nisingependa ukae hata wiki nyingine bila kupigwa picha.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Eksrei ya kawaida ya mkono ya mbele na ubavuni mara nyingi HAIONYESHI huo ufa kwa sababu mifupa mingine inaufunika. Watu wanaambiwa mkono mzima wanarudi kupiga. Mwambie daktari unacheza gofu na muonyeshe kwa kidole kimoja panapouma, umuombe picha inayopigwa kiganja kikiwa kimekunjuliwa nyuma ili ndoano ionekane, au siti skani ambayo ndo inaonyesha vizuri zaidi. Ukiacha, ule ufa unaweza usiunge kabisa, na kano za kidole kidogo zinazopita juu yake zikawa zinasagwa na ile ncha mpaka zikakatika, hapo kidole kinakataa kukunja na matibabu yake ni upasuaji.

Mzee wa viungo ASIVUTE. Nawaheshimu hao wazee na najua wanasaidia watu, lakini hapa ukivuta unaweza kusogeza kilichopasuka.

Diklofenaki wiki mbili bila kuandikiwa nayo inanipa wasiwasi. Unameza saa ngapi na umekula nini kabla? Hiyo dawa inachubua tumbo na ni mzigo kwa figo hasa kwa mtu anayetembea juani siku nzima na kunywa maji kidogo. Pia imekuzibia maumivu yaliyokuwa yanakuambia usimame. Ukiona choo cheusi kama lami au tumbo linachoma, usisubiri, hospitali moja kwa moja.

Gumba na kiwiko nitarudi jioni, nina wagonjwa nje.

Kedi_Mufindi
Dada nashukuru sana nimekusoma mara tatu. Dawa nilikuwa nameza saa kumi na moja na nusu asubuhi na chai ya rangi tu. Naacha leo. Mzee wa viungo nimeshamwambia hapana, nimetumia lugha nzuri hajakasirika. Natafuta nauli wiki hii niende.

Mama_Tukuyu
Ugonile mwanangu. Mi sijui gofu ila hilo gumba nalijua. Nimechuma chai huku Rungwe miaka kumi na mbili, unachuma majani mawili na kikonyo, gumba na kidole cha shahada siku nzima, gumba likaanza kuuma upande wa juu linapokutana na mkono. Nilikuwa siwezi kufungua mfuniko wa chupa ya chai, siwezi kumbeba mjukuu kwa kumtia mikono kwapani. Nesi mmoja akanifundisha kujipima, unalikunja gumba ndani ya ngumi vidole vinalifunika, alafu unainamisha ngumi taratibu upande wa kidole kidogo. Mi nilipiga kelele.

Walinipa kifaa cha kushika gumba lisicheze nikavaa wiki nne usiku na mchana, na msimamizi akaniruhusu nikahamia kupalilia, na jembe nilikuwa nashika bila gumba kulizunguka mpini. Lilipona. Lilirudi mara moja nilivyojifanya nimepona kabla ya wakati. Usilidharau kwa sababu kiganja ndo kinauma zaidi.

Fizio_Mbeya
Mama ndaga fijo, umeeleza vizuri na kipimo ndo hichohicho, ila kifanywe polepole maana hata mkono mzima ukiuinamisha kwa nguvu unauma. Ni kano mbili za gumba zinazopita kwenye ala moja nyembamba pembeni ya kifundo cha mkono, ala ikivimba zinakwama. Daktari wa upasuaji wa Uswisi aitwaye Fritz de Quervain aliueleza mwaka 1895 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Akina mama wanaonyonyesha wanaupata sana kwa jinsi wanavyombeba mtoto, na wacheza gofu wanaupata kwenye gumba la mkono wa mbele, kwa Kedi ni wa kushoto, kwa sababu fimbo ikipanda juu kifundo kinainama kuelekea gumba na ikishuka kinarudi kwa kasi upande wa pili.

Ila kaka Kedi, kama gumba lako linakwama na kuruka "tak" unapolikunjua, hiyo ni nyingine, kano imefanya fundo na inakwama kwenye pete yake chini ya gumba upande wa kiganja. Umesema unalikunjua kwa mkono mwingine, kwa hiyo mwambie daktari aangalie zote mbili.

Kiwiko upande wa ndani ndo hicho wazungu wanachokiita kiwiko cha gofu, ingawa mimi kila wiki nakiona kwa watu ambao hawajawahi kuiona fimbo ya gofu. Hicho kina subira nzuri, hakihitaji hospitali ya haraka. Punguza kubana, na ukisharuhusiwa tutafanya mazoezi ya kushusha uzito taratibu. Mkono unaulaza juu ya meza kiganja kikiangalia juu, unashika chupa ya maji ya lita moja, unainyanyua kwa msaada wa mkono mwingine, alafu unaishusha mwenyewe kwa kuhesabu mpaka nne. Mara 15, pumzika, rudia mpaka zifike awamu tatu. Kauchungu kadogo kanaruhusiwa, kakizidi au kakiendelea mpaka kesho yake punguza maji kwenye chupa. Inachukua wiki sita mpaka kumi na mbili, usikate tamaa wiki ya pili.

Na kwa kuwa mkono wako wa kushoto usitumike kwa chochote sasa, huo wa kulia ukinyanyua uzito tumia goti kuusaidia.

Seremala_Mafinga
Kwenye kiwiko naomba niongeze. Mi ni fundi, mbao za hapa Sao Hill ndo maisha yangu, kiwiko changu kiliuma upande wa nje, nyundo na randa. Nikachomwa sindano ya steroidi, wiki ya kwanza nikaona muujiza, nikarudi kazini kwa nguvu zote nikamaliza kabati mbili na kitanda. Miezi mitatu maumivu yamerudi, nikachomwa tena, yakarudi mabaya kuliko mwanzo, nikashindwa hata kushika kikombe. Mwaka mzima umeondoka. Kilichonisaidia ni hayo mazoezi ya chupa anayosema dada, ila kwa upande wa nje kiganja kinaangalia chini, nilifanya miezi mitatu, na kubadilisha mpini wa nyundo nikauzungushia mpira wa tairi la baiskeli uwe mnene kidogo. Mtu akikuletea sindano ya haraka muulize kwanza baada ya hapo inakuwaje.

Fizio_Mbeya
Asante fundi. Sindano ina mahali pake, kwa gumba la de Quervain inasaidia wengi ikichomwa na anayejua. Kwa kano za kiwiko ndo tunakuwa waangalifu, tafiti zimeonyesha nafuu ya wiki za mwanzo ni kweli lakini baada ya mwaka waliochomwa wanakuwa wamerudiwa zaidi kuliko wasiochomwa. Na mpini mnene ni akili nzuri.

Mnyalukolo_Dar
Wadau mi ni mtu wa Iringa nipo Dar, nacheza uwanja wa Lugalo wikiendi tu. Nina miaka 41, vidole vya mikono YOTE miwili vinauma, asubuhi vimevimba siwezi kufunga vifungo vya shati mpaka saa mbili hivi, alafu mchana vinakuwa afadhali. Nikicheza vinapata joto naona raha. Hii nayo ni gofu?

Fizio_Mbeya
Kaka hiyo sidhani kama ni gofu. Maumivu ya mazoezi yanakaa upande mmoja, sehemu moja, yanazidi ukitumia na kupungua ukipumzika. Yako yapo pande zote mbili, yana uvimbe, asubuhi mkono umekaza zaidi ya nusu saa na ukifanya kazi unalegea. Hiyo inanifanya niwaze yabisi, yaani kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Nenda ukapimwe damu na uonwe na daktari, usisubiri viungo viharibike maana dawa zipo na zikianza mapema zinafanya kazi kubwa. Pia jiangalie kama una mabaka yenye magamba kwenye viwiko au kichwani au kucha zina vishimo.

Mcheza gofu wa Marekani Phil Mickelson mwaka 2010 kabla ya mashindano ya US Open aliamka viungo vinauma kiasi cha kushindwa kutembea vizuri, ikaja kugundulika ni yabisi inayoambatana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Alitibiwa akaendelea kucheza, na mwaka 2021 akashinda PGA Championship akiwa na miaka 50, mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda taji kubwa. Nakuambia hivyo usiogope kwenda.

Mnyalukolo_Dar
Kichwani ninayo hayo magamba miaka mingi nilijua ni mba. Kesho naenda.

Kedi_Mufindi
Wakuu narudi na majibu, samahani nimekaa kimya siku kumi na moja.

Hospitali ya kwanza niliyoenda walipiga eksrei mbili wakaniambia mifupa mizima nikapewa dawa ileile ya maumivu. Nilikuwa nimeandika maneno ya dada kwenye karatasi, nikamwonyesha daktari, akasoma akasema hiyo picha nyingine pale hawapigi, na siti skani hawana, lakini akaniandikia rufaa bila maneno mengi. Nilisafiri mpaka Mbeya, nikalala kwa shangazi. Kwenye skani daktari alinionyesha kwenye kompyuta, kuna kamstari keusi kembamba kama unywele chini ya ile ndoano. Imepasuka ila haijaachana. Akasema ningechelewa mwezi mmoja tungekuwa tunaongea kuhusu kuitoa.

Nimefungwa POP (plasta ngumu) wiki sita, nimeshatumia moja. Gumba wamesema ni ala imevimba kama ya mama wa Tukuyu, limefungwa humohumo ndani ya POP.

Mashindano nimeyakosa. Nilimpigia mteja wangu nikiwa kwenye basi narudi, nilikuwa naogopa sana kumwambia, amesema hela ya kiingilio anaiweka mpaka mwakani. Nililia mle ndani ya basi kuanzia Igawa mpaka Makambako, sioni aibu kusema.

Sasa najiuliza, wiki sita zote nikae tu? Na nikitoka naanzaje bila kurudi palepale?

Fizio_Mbeya
Nimefurahi kuliko unavyodhani. Hiyo POP isiloane, vidole vilivyo nje vichezeshe kila saa visikaze, na ganzi ikiongezeka au vidole vikibadilika rangi rudi siku hiyohiyo.

Kukaa tu hapana. Tembea, fanya miguu, tumbo, mgongo, nyonga, maana swingi inatoka huko chini, mkono unapokea tu. Unaweza kufanya mazoezi ya kuzungusha kiuno ukiwa umeikunja mikono kifuani, mbele ya kioo au dirisha.

POP ikitoka usishike fimbo siku hiyo. Kwanza kupigwa picha tena kuona imeunga, kisha wiki mbili tatu za kurudisha nguvu, kukamua sponji, baadaye kukamua taulo lenye maji. Ukiweza kukamua blanketi na mama bila maumivu ndo uanze pati. Kisha chipu fupi, mipira 20 ya nusu swingi siku moja na kesho yake unapumzika, asubuhi ya pili ukiamka bila maumivu unaongeza mitano. Hesabu uandike kwenye daftari, usitumie kumbukumbu. Asubuhi za baridi joto mwili kwanza dakika kumi, mikono uiweke kwapani ipate moto kabla ya mpira wa kwanza. Kama siku ile umepiga ardhi ukasikia mshtuko, umemaliza kwa siku hiyo.

Mkulima_Uyole
Mdogo wangu nisamehe kwa kukuambia uendelee. Nimesoma yote. Hata mimi goti langu la zamani sijawahi kulipeleka, nitalipeleka.

Mzee_Mashimo_Tisa
Kijana, hayo machozi ya Igawa yana maana unaupenda mchezo. Mwakani sio mbali.

Sasa kuhusu vifaa, hilo tulimalize kabla hujatoka POP. Gripu mpya sio lazima ziwe za bei, kuna za mpira za kawaida, muhimu ni saizi. Kipimo chake ukishika kwa mkono wa kushoto, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu ile nyama ya gumba. Zikichimba ndani, gripu ni nyembamba na utabana, zisipofika ni nene. Mikono yako kama ni mikubwa tunazungusha utepe raundi moja au mbili chini ya gripu inanenepa. Namna ya kubadilisha, unachana ya zamani kwa kisu kuelekea mbele usijikate, unatoa gundi yote ya zamani, unabandika utepe wenye gundi pande mbili, unamwagia petroli kidogo ndani ya gripu mpya na juu ya utepe, unaisukuma kwa mara moja bila kusita mpaka mwisho, unainyoosha, unaacha usiku kucha. Nje kwenye hewa, mbali na jiko na sigara.

Mi nina gripu nane nilizoletewa sijazitumia, fimbo zangu nyingine sizipigi tena kwa umri huu. Wewe una fimbo saba. Jumamosi nitakuwa uwanjani kuanzia saa nne, njoo nazo zote na ndugu yako mmoja wa kubeba, wewe utakuwa unashika kwa mkono wa kulia na kuniambia kama imenyooka. Petroli ninayo, na glavu ile iliyotoboka njoo nayo pia usiitupe, nataka nikuonyeshe kitako kilikuwa kinakaa wapi.

Kedi_Mufindi
Nitakuja mzee wangu. Mdogo wangu wa kike atabeba, saa nne tutakuwa hapo.